Hema si mwavuli: Nani atawajibika upepo uking'oa vigingi?

HAIPITI Jumamosi nchini bila maelfu ya Wakenya kuketi kwa saa nyingi chini ya paa lisilo na msingi. Harusini, matangani, kwenye harambee, krusedi na mahafali, hadi katika baraza la chifu, hema limekuwa sehemu ya hafla sawa na viti na vipaza sauti. Wenye nyumba ndogo wamelifanya sebule yao ya siku moja, na makanisa machanga yamelifanya nyumba ya ibada kwa miaka.

Hata hivyo, ni nadra kusikia mgeni akiuliza hema aliloketi chini yake limeshikiliwa na nini. Macho huvutwa na vitambaa, maua na taa. Kamba huonekana tu pale mtoto anapojikwaa. Mwenye hafla naye, anapompigia simu mwenye mahema, huuliza mambo mawili: Linatosha watu wangapi? Na ni pesa ngapi?

Swali la tatu, yaani hema litafungwa vipi na ni nani atakayeamua watu watoke upepo ukizidi, hubaki bila mwenyewe. Ilhali jibu la swali hilo ndilo linaloweza kutenganisha hafla iliyokatizwa na mvua na msiba uliozuka juu ya msiba.

Hoja ya makala haya ni nyepesi kueleza ingawa si nyepesi kutekeleza. Biashara ya kukodisha mahema imekua kwa kushindania bei, na usalama haumo katika bei hiyo. Lakini serikali, ambayo kwa mkono mmoja huwapa wananchi mahema na kwa mkono wa pili huyakodi, inaweza kulirekebisha jambo hili bila kungoja sheria mpya wala maafa.

CHAMA, HEMA NA VITI

Ili kuelewa tulivyofika hapa, yafaa tuangalie kwanza ni nani anayemiliki mahema. Biashara hii si ya matajiri wa mijini pekee tena. Katika vijiji na mitaa mingi, mwenye hema ni kikundi cha akina mama, cha vijana au cha waumini wa kanisa moja, walioanza kwa kuchangiana pesa kidogo kidogo kila wiki.

Sera za serikali zimechangia pakubwa hali hiyo. Hazina ya Maendeleo ya Vijana ilianzishwa mwaka wa 2006, ile ya wanawake ikafuata mwaka wa 2007, na Hazina ya Uwezo ikazinduliwa mwaka wa 2013. Baadaye ilikuja hazina ya NGAAF, ambayo mashinani huhusishwa na afisi za wawakilishi wa kike wa kaunti. Vikundi vilivyopata mikopo na ruzuku hizo mara kwa mara vimechagua mradi ule ule: hema na viti vya plastiki. Wanasiasa nao, katika mikutano wanayoiita ya uwezeshaji, wamezoea kukabidhi mahema mbele ya kamera.

Vikundi vina sababu nzuri za kuupenda mradi huu. Hema haliozi kama nyanya, wala halihitaji mtu wa kushinda dukani kutwa nzima. Wanachama hulitumia wenyewe wanapofiwa au wanapooza, na siku nyingine hulikodisha kwa wengine. Kwa mama anayeuza mboga, mgao wake wa mwisho wa mwaka ndio karo ya mtoto mwezi Januari.

Lakini aghalabu hema huja peke yake. Mwenye bodaboda hutakiwa kisheria awe na leseni na bima kabla ya kubeba abiria mmoja. Kikundi kinachokabidhiwa hema la kufunika watu 100 hupewa nguzo, turubai na picha ya makabidhiano. Habari za uzito wa kushikilia nguzo, aina ya kitambaa au bima ya wageni hazizungumzwi.

Ushindani umefanya mambo kuwa magumu zaidi. Machi 2020, serikali ilipopiga marufuku mikusanyiko ya umma kutokana na ugonjwa wa Covid-19, biashara hii ilisimama ghafla. Hata Julai mwaka huo, harusi na mazishi yaliporuhusiwa kuwa na watu wasiozidi 100, mahema mengi yalibaki ghalani. Masharti yalipoondolewa Machi 2022, na kampeni za uchaguzi wa Agosti mwaka huo kupamba moto, kila mwenye turubai alitaka kufidia hasara yake.

Wakati huohuo, matakwa ya wateja yamebadilika. Wenye uwezo mijini wanataka mahema makubwa ya fremu za alumini yasiyo na nguzo katikati, mengine yenye kuta za plastiki zinazopitisha mwanga, au yale ya kitambaa kinachonyumbulika na kuvutwa kama ngozi ya ngoma. Mahema ya zamani ya mabomba ya chuma, yaliyokwisha kuota kutu kwenye maungio na kuchakazwa na jua, hayatupwi. Hushuka bei na kuhamia kwa mteja maskini zaidi.

Hivyo basi, anayekodi kwa bei ya chini kabisa, ambaye mara nyingi ni familia iliyofiwa, ndiye anayepata hema lililochoka zaidi, lililosimamishwa na vibarua walioharakishwa zaidi, kwani lori lililowaleta linasubiriwa kwingineko kabla ya saa nne.

HESABU YA UPEPO

Kosa kubwa linalofanywa na wengi ni kulifikiria hema kama mwavuli mkubwa wa kukinga jua na mvua. Kwa hakika hema ni tanga. Nahodha wa jahazi hulijua hilo bila kufundishwa darasani: tanga likijaa upepo husukuma chombo chenye shehena ya tani kadhaa. Tofauti ni kwamba nahodha huwa na mtu wa kushusha tanga dhoruba inapokuja, na hema la harusi halina.

Tuchukue mfano wa hema ambalo ubavu wake una urefu wa mita 12 na kimo cha mita 2.5, yaani eneo la mita 30 mraba. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, ambao hutikisa matawi ya miti na kupeperusha kofia, huusukuma ubavu huo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 180. Hiyo ni kwa makadirio, kwa kuwa umbo la paa nalo huongeza au kupunguza.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kuwa mwendo wa upepo ukiongezeka maradufu, nguvu yake haiongezeki mara mbili bali mara nne. Upepo wa kilomita 72 kwa saa utausukuma ubavu ule ule kwa zaidi ya kilo 700. Ndiyo maana hema lililosimama imara asubuhi nzima linaweza kuanguka kwa dakika moja alasiri, na wenyewe wakaapa kuwa lilifungwa kama siku zote.

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa nchini hutoa tahadhari ya upepo mkali inapotarajia kasi inayozidi noti 25, ambayo ni kama kilomita 46 kwa saa. Kwa hema la mfano wetu, kasi hiyo ni msukumo wa takriban kilo 300. Sasa tazama linavyofungwa katika ua uliotandazwa matofali ya kabro, ambamo mwenye nyumba hataki kuona shimo hata moja. Kila mguu hufungwa kwenye mtungi wa lita 20 uliojazwa maji. Miguu sita ina mitungi sita, na mitungi sita ni kilo 120.

Hesabu hiyo haihitaji mhandisi. Isitoshe, mtungi hauzuii kwa uzito wake wote, kwani huteleza juu ya sakafu kabla ya kunyanyuka.

Penye udongo, kigingi hushika vizuri zaidi, mradi kiwe kirefu na kipigiliwe hadi ardhi ngumu. Hata hapo kuna mtego. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaopatikana katika sehemu nyingi za mashariki na kusini mwa Nairobi hupasuka wakati wa kiangazi na kulainika mno mvua inaponyesha. Kigingi kilichogoma kung'oka Ijumaa jioni, Jumamosi baada ya mvua huweza kuchomoka kama karoti.

Mvua nayo ina mzigo wake. Lita moja ya maji ni kilo moja. Turubai lililolegea likifanya dimbwi la mita mbili kwa mbili lenye kina cha sentimita 10 tu, paa limebeba kilo 400 ambazo halikuumbwa kuzibeba. Ndipo utamwona kijana akiinua turubai kwa mti wa ufagio ili maji yamwagike, na watu wakicheka. Kicheko hicho hutokana na kutojua.

Na kuta je? Wageni wakilowa, jambo la kwanza wanaloomba ni hema lizibwe pande. Likizibwa pande tatu na kuachwa wazi ule wa nne unaoelekea upepo, hewa huingia, hukosa pa kutokea na huinua paa kutoka ndani. Hilo ni sawa na kulipuliza puto.

YALIYOWAKUTA WENGINE

Wahenga walisema ajali haina kinga. Methali hiyo imekuwa kimbilio la kila mzembe. Ukichunguza mikasa ya mahema iliyotokea kwingineko ulimwenguni, utaona kuwa mingi ilikuwa na kinga, ila haikutumiwa.

Mnamo Agosti 3, 2015, hema la sarakasi liliporomoka katika mji wa Lancaster, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, upepo mkali ulipovuma wakati wa onyesho. Baba na bintiye mdogo walifariki na wengine kadhaa kujeruhiwa. Uchunguzi wa wasimamizi wa usalama kazini ulibaini kuwa hema halikuwa limefungwa inavyopaswa, na kwamba onyesho liliendelea ilhali tahadhari ya dhoruba ilikuwa imetolewa. Adhabu iliyopendekezwa dhidi ya waandalizi ilikuwa Dola 33,800.

Miaka minne awali, Agosti 18, 2011, dhoruba ilipiga tamasha la muziki la Pukkelpop nchini Ubelgiji. Watu watano walipoteza maisha, na hema moja kubwa lilikuwa miongoni mwa vilivyoporomoka. Hii ilikuwa nchi tajiri, yenye mafundi na vifaa vya kila aina. Somo lake ni kwamba hakuna hema lisiloshindwa na upepo. Lililo salama ni lile ambalo watu hutolewa kabla ya kufika kikomo chake.

Mkasa unaofanana zaidi na hafla zetu ulitokea nchini India, Juni 23, 2019, katika wilaya ya Barmer, jimbo la Rajasthan. Waumini walikuwa wameketi wakisikiliza mawaidha ya kidini alasiri dhoruba ilipoangusha hema. Watu 14 waliaga dunia, na baadhi yao hawakuuawa na nguzo bali na umeme uliopita katika chuma na nyaya zilizolowa.

Hilo la umeme linastahili kukaziwa. Hema letu la kawaida ni kiunzi cha mabomba ya chuma, na chini yake hupita nyaya za vipaza sauti, taa na jenereta, nyingi zikiwa zimeunganishwa kwa utepe na kulazwa juu ya nyasi zenye unyevu. Hatari huanza hata kabla ya hafla. Julai 25, 2005, viongozi wanne wa maskauti walifariki katika jimbo la Virginia, Marekani, wakati nguzo ya hema walilokuwa wakilisimamisha ilipogusa nyaya za stima zilizopita juu. Ni vibarua wangapi nchini huinua nguzo asubuhi bila mtu yeyote kutazama juu?

Kuhusu moto, historia imeandika mikasa miwili ambayo kila mwenye mahema angefaa kuijua. Wa kwanza ni wa Hartford, Marekani, Julai 6, 1944. Hema la sarakasi lilikuwa limepakwa nta iliyoyeyushwa kwa petroli ili lisipitishe maji. Liliwaka kwa dakika chache na kuua zaidi ya watu 160. Waliotaka kulikinga na mvua walikuwa wameligeuza utambi.

Wa pili ulitokea Mina, karibu na Makka, Aprili 15, 1997, na Waislamu wa Afrika Mashariki hawajausahau. Moto ulioenezwa na upepo uliteketeza maelfu ya mahema ya mahujaji, na kwa idadi rasmi watu 343 wakafa. Serikali ya Saudi Arabia haikuishia kwenye rambirambi. Iliyaondoa mahema ya pamba na kujenga mji mzima wa mahema ya nyuzi za kioo zisizoshika moto kwa urahisi, yenye vifaa vya kunyunyiza maji, na upikaji wa kutumia gesi ndani yake ukapigwa marufuku. Tangu hapo mamilioni ya mahujaji wamelala Mina bila moto wa mahema wa kiwango kile kujirudia.

Mina inatufundisha kwamba pale ambapo mteja mmoja mkubwa, ambaye ni dola, alipoamua aina ya hema linalokubalika, soko zima lilifuata.

SHERIA ZIPO, ILA HAZIKUTANI

Haitakuwa haki kusema kuwa Kenya haina sheria yoyote inayohusu jambo hili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kuwalinda wanaofanya kazi mahali pake, na Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka huohuo inamtaka kuwawekea wafanyakazi bima. Sura ya 34 ya sheria za Kenya nayo inampa mwenye mahali jukumu la kuwachunga wageni wanaofika kwake.

Aidha, Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia serikali za kaunti burudani za umma, huduma za kuzima moto na udhibiti wa majanga. Kwa mkutano wa hadhara, Sheria ya Utulivu wa Umma huwataka waandalizi kuwapa polisi ilani kati ya siku tatu na 14 kabla ya siku yenyewe.

Tatizo ni kwamba sheria hizi hazikutani chini ya hema. Ilani kwa polisi inahusu amani, si kamba, na haikutungwa kwa ajili ya harusi wala mazishi. Sheria za kazi zinamfikiria mwajiri mwenye orodha ya wafanyakazi, ilhali anayepigilia vigingi ni kibarua aliyeokotwa njiani asubuhi ile. Dhima ya mwenye mahali huja baada ya ajali, mahakamani, wakati marehemu amekwisha kuzikwa.

Matokeo yake ni mzunguko wa kusukumiana lawama. Mwenye hema atasema alikodisha vifaa tu. Mwenye hafla atasema aliwaamini mafundi. Mwenye uwanja atasema hakuruhusu mashimo lakini hakukataza uzito. Kaunti itasema haikuarifiwa. Chombo cha kuzama hakina usukani, na hapa usukani haujapotea, bali kila mmoja anadhani umeshikwa na mwenzake.

Wenzetu walilitatua hili kwa kuweka mpaka unaoeleweka. Barani Ulaya kuna kiwango rasmi cha usalama wa mahema, EN 13782, ambacho kinahusu yale yenye eneo linalozidi mita 50 mraba. Nchini Marekani, miji mingi inayofuata kanuni za kimataifa za moto hudai kibali kwa hema lililozibwa linalozidi takriban mita 37 mraba. Kilicho muhimu hapa ni kwamba mpaka upo, na kila anayeuvuka anajua kuna mtu atakayekuja kukagua.

HOFU YA AKINA MAMA

Kuna wanaopinga kanuni mpya, na hoja yao haipaswi kupuuzwa. Wanasema kibali kingine ni tundu lingine la kitu kidogo. Afisa wa kaunti atafika Jumamosi saa tatu, si kupima kamba bali kupima mfuko, na kikundi cha akina mama ndicho kitakachoumia. Kampuni kubwa za mijini zitalipia vyeti na kuendelea. Kikundi kitauza viti vyake.

Anayeijua nchi hii hawezi kuicheka hofu hiyo. Familia iliyofiwa haiwezi kusubiri sahihi za afisi tatu ili izike mpendwa wake. Kanuni inayomlazimisha mfiwa kupanga foleni itavunjwa siku ya kwanza, na ikishavunjwa na wote haitamlinda yeyote.

Lakini hoja hiyo ina kasoro moja. Inachukulia kuwa usalama ni gharama ya kikundi pekee, ilhali ajali moja ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Kikundi kisicho na bima kikishtakiwa, viti, hema na akiba yote ya miaka vitakwenda, na huenda wanachama wakafuatwa hadi majumbani. Kumwacha mama huyo bila mafunzo wala bima kwa kisingizio cha kumhurumia ni kumwacha afanye kamari na mtaji wake wote kila Jumamosi.

NCHA MBILI ZA KAMBA

Ndiyo maana njia ya haraka haianzii kwa askari wa kaunti, bali kwa pesa za umma. Serikali iko katika biashara hii kwa ncha zote mbili. Inasaidia vikundi kununua mahema kupitia hazina zake, kisha wizara, kaunti, shule na mashirika yake huyakodi kwa sherehe za kitaifa, uzinduzi wa miradi na makongamano. Chini ya mpango wa AGPO ulioanza mwaka wa 2013, asilimia 30 ya zabuni za serikali hutengewa vijana, wanawake na watu wanaoishi na ulemavu, na kukodisha mahema ni miongoni mwa kazi ambazo vikundi hivyo huomba.

Katika ncha ya kwanza, hazina yoyote inayotoa hema itoe kifurushi kamili: vigingi virefu vya chuma, kamba za kutosha, mizigo ya saruji ya kutumiwa penye kabro, kitambaa chenye cheti cha kutoshika moto kwa urahisi, na mafunzo ya siku moja kutoka kwa wazima moto wa kaunti. Ikiwa pesa hazitoshi mahema matano kwa namna hiyo, yanunuliwe matatu. Matatu yaliyofungwa vizuri ni mtaji. Matano yanayosimama kwa bahati ni deni.

Katika ncha ya pili, kila zabuni ya umma ya kukodi mahema iseme wazi uzito utakaoshikilia kila mguu, kasi ya upepo ambayo watu watatolewa ikifikiwa, na bima inayohitajika. Gharama hiyo iingizwe katika bei, isiachiwe mwenye hema ajikamue. Zabuni ikiendelea kupewa tu anayetaja bei ya chini kabisa, serikali itakuwa inanunua hatari kwa pesa za mlipa kodi.

Kisha ilipe kwa wakati. Madeni ambayo kaunti zilikuwa hazijawalipa wanakandarasi na wauzaji yalizidi Sh180 bilioni kufikia mwisho wa Juni 2024. Kikundi kinachodai malipo ya hafla ya miaka miwili iliyopita hakiwezi kununua turubai jipya. Kitashona la zamani na kuomba Mungu. Kuchelewesha malipo ni kuchakaza mahema kwa njia ya mzunguko.

Viwango vikizoeleka katika hafla za serikali, itakuwa rahisi kaunti kutunga sheria ndogo kwa mahema makubwa ya kibiashara na yale yanayotumiwa kama majengo ya kudumu, huku hema dogo la msiba kijijini likiachwa nje ya kibali lakini si nje ya mafunzo. Mafundi watakuwa wamejifunza, vifaa vitakuwa sokoni, na mteja wa kawaida atakuwa amekwisha kuona hema lililofungwa vizuri linavyofanana.

LA KUFANYA JUMAMOSI HII

Mwananchi naye ana nafasi yake. Anayekodi hema ana haki ya kuuliza litafungwa kwa nini na kumtaka fundi mmoja abaki hadi mwisho wa hafla. Ana haki ya kudai jenereta na jiko viwekwe mbali na turubai, nyaya zisilazwe kwenye maji, na hema lisisimamishwe chini ya nyaya za stima. Kipande kidogo cha kitambaa kikiguswa na kibiriti mbali na watu kitaonyesha tabia yake: kizuri huzimika mwali unapoondolewa, kibaya huendelea kuwaka na kudondosha matone ya moto.

Na kabla mshereheshaji hajakabidhiwa kipaza sauti, ateuliwe mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha hafla. Awe ameangalia utabiri wa siku hiyo, anajua njia za kutokea, na haogopi kumkatiza mheshimiwa akiwa katikati ya hotuba. Mtu huyo hagharimu chochote, lakini katika nchi ambamo wageni wa heshima hawakatizwi, huenda akawa ndiye mgumu zaidi kupatikana.

Hema litaendelea kuwa nasi. Ni mradi wa mama wa chama, ni heshima ya mfiwa na ni furaha ya bibi arusi. Hakuna anayetaka liondoke. Kinachotakiwa ni kukubali kwamba paa linalofunika watu 100, hata kwa saa sita tu, ni jengo, na kila jengo lina mwenye kulijibia. Msimu ujao wa mvua na harusi utatukuta tukiwa tumemtaja mtu huyo, au tukiwa bado tunahesabu mitungi ya maji.